Habari Ikisema "Shoti", Usiishie Hapo

Redio inasema hivi: mtu mmoja amefariki dunia baada ya kupigwa na shoti ya umeme nyumbani kwake, polisi wanaendelea na uchunguzi, wananchi wanaaswa kuchukua tahadhari. Kisha inaingia habari ya mpira. Wewe uko Bweni, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, umekaa barazani. Nyuma yako friji linanguruma. Uani kuna kamba ya nguo ya waya iliyofungwa kwenye nguzo ya paa la bati. Dirishani umepita waya wa ekstensheni unaokwenda kwa jirani. Umeambiwa uchukue tahadhari, ila hukuambiwa ya nini.

Nimeandika mwongozo huu ili habari ya namna hiyo ikikufikia, kwa redio au kwa simu ya mtu, ujue la kuiuliza. Siwatuhumu waandishi. Mwandishi wa wilayani mara nyingi hupewa maelezo mafupi na kamanda wa polisi, naye ana dakika moja hewani. Lakini neno "shoti" limekuwa kama kawa juu ya chungu: ukishaliona unadhani umejua kilichomo, kumbe hujafunua.

Tuanze na neno lenyewe, maana kwa Kiswahili linabeba mambo mawili yasiyofanana. Fundi akisema "hapa pana shoti" anamaanisha waya wa moto umegusana na nyutro. Hapo umeme mwingi hupita kwa mkupuo, cheche huruka, breka huanguka, na wakati mwingine moto huwaka. Mtu "akipigwa shoti", umeme umepita mwilini mwake ukielekea ardhini, na kinachopita ni kidogo mno. Fanya hesabu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Mwili uliolowa jasho au maji unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya 230 kwa 1,000, utapata ampea 0.23, sawa na balbu moja ya wati 50. Breka ya ampea 16 haiwezi kuhisi kitu hicho. Kwake, mtu anayekufa ni balbu nyingine tu iliyowashwa.

Kwa hiyo ukisoma kwamba "breka ilishindwa kukata umeme", jua kuwa breka hiyo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kile chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, ambacho mafundi hukiita RCD. Hicho hupima umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata mara moja, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Swali la kwanza la kuiuliza habari yoyote ya mtu kufa kwa umeme nyumbani ni hili: je, nyumba hiyo ilikuwa na RCD, na kama ilikuwa nayo, ilifanya kazi? Mimi binafsi sikumbuki kusikia taarifa ya redio ikilitaja.

Neno letu la "kunaswa" lina ukweli zaidi kuliko "kupigwa". Umeme wa majumbani ukizidi miliampea 10 hivi, misuli ya kiganja hujikaza na mtu hawezi tena kuachia alichokishika. Amenaswa kweli. Mwandishi akiandika kwamba marehemu "aling'ang'ania" waya, usimdhanie marehemu ujinga. Mkono haukuwa wake tena.

Kuna neno jingine la kuliangalia, nalo ni "umeme". Kabla ya nguzo za TANESCO, shirika letu la umeme, umeme ulikuwa ule mwanga wa mawinguni, na wazee bado hulitumia hivyo. "Amepigwa na umeme" wakati wa masika huenda ni radi, huenda ni waya. Ukisikia hivyo, uliza kama mvua ilikuwa inanyesha, mtu alikuwa nje au ndani, alikuwa ameshika nini. Ni mambo mawili yenye kinga mbili tofauti. RCD haikukingi na radi ukiwa chini ya mnazi shambani.

Na mara nyingine yote mawili hukutana. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala pembezoni mwa Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika na kuangukia mahali ambapo watu walikuwa wakiuza na kununua asubuhi ya mvua, chini maji yametuama. Walikufa watu 26, wengi wao wanawake wa sokoni. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba huenda radi ilipiga waya. Mtu akisikia "radi" hutulia, kwa kuwa radi ni kudra ya Mungu na hakuna wa kuulizwa. Lakini hata kama ni radi kweli, maswali hayajaisha. Soko lilikaaje chini ya waya ule? Maji yalituama pale kwa nini? Waya uliogusa ardhi ulichukua muda gani kabla ya kuzimwa? Radi inaeleza waya ulivyokatika. Watu 26 kuwa chini yake wakiwa wamesimama majini ni habari nyingine.

Njia ya umeme

Sasa nikupe swali ambalo ndilo uti wa mgongo wa mengine yote: umeme uliingilia wapi mwilini, na ulitokea wapi? Umeme haumuui mtu kwa kumgusa tu. Lazima upite, uingie upande mmoja na kutoka upande mwingine. Ndege hukaa juu ya waya na haungui kwa sababu hana pa kuutolea.

Mfano mzuri wa jambo hili unatoka kwa watu wanaosafiri na magari ya kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani, ambayo huenda hujawahi kuona hata moja Bweni. Marekani na Ulaya watu huyaegesha kwenye viwanja vya kambi na kuyachomekea umeme kwa waya mrefu. Bodi ni ya chuma au alumini, matairi ni ya mpira. Kama ndani ya gari kuna waya uliochunika ukagusa bodi, na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatika mahali fulani, gari zima linakaa na umeme, kwa sababu mpira hauruhusu ushuke ardhini. Aliye ndani hahisi kitu. Anayesimama chini peku, nyasi zimelowa, akashika kitasa cha mlango, yeye ndiye anakuwa daraja.

Kisha habari hutoka: mtu auawa na gari lake. Msomaji anadhani gari lilikuwa bovu, analaumu kiwanda. Lakini kosa linaweza kuwa kwenye soketi ya kiwanja ambayo ethi yake haikuunganishwa, au kwenye waya mrefu ambao mtu alikata pini ya tatu ili uingie kwenye soketi ya zamani. Gari ni pale umeme ulipojitokeza tu. Hapa mwandishi na msomaji hukosea pamoja: hulaumu kitu kilichoguswa, na hawafuati waya kurudi nyuma.

Rudi sasa Bweni. Friji lako ni gari hilo hilo, bodi ya chuma juu ya miguu ya plastiki. Kontena la duka ni gari hilo. Nyumba ya mabati ni gari hilo, hasa pale waya unaoingia kutoka kwenye nguzo unapokwaruzana na ukingo wa bati kila upepo wa kusi ukivuma, mpaka ngozi ya waya inaisha. Boti iliyopandishwa ufukweni, fundi akiitoboa kwa drili iliyochomekwa kwenye ekstensheni yenye viraka, miguu yake ikiwa kwenye mchanga uliolowa, nayo ni hivyo hivyo. Na kamba ya nguo ya waya iliyofungwa kwenye bati, Mungu atunusuru, ni mkono mrefu wa bati hilo: mama anaanika khanga mbichi, mikono imelowa, yuko peku, na bati limepata umeme mita nane kutoka pale aliposimama. Redio itasema amepigwa shoti akianika nguo. Ukisikia hivyo, usiulize kuhusu nguo. Uliza kamba ilikuwa ya nini, ilifungwa wapi, na bati lilipata umeme kutoka wapi. Kisha kama yako ni ya waya, ifungue leo, funga ya katani au ya nailoni kwenye miti miwili.

Kuna maneno yanayosemwa nyumbani ambayo ningependa tuyaache kabisa: "Hilo friji lina shoti kidogo, vaa ndala ukifungua." Ndala zimemkinga mtu mzima. Mtoto akija peku kuchukua maji baridi ametoka kuoga, hazimkingi. Friji linalokuchonyota limeshakupa habari mapema kuliko redio. Lichomoe, mwite fundi.

Unaweza kukutana na taarifa inayosema "nyumba ilikuwa na ethi" kana kwamba hilo linafunga mjadala. Halifungi, hasa kwetu. Ethi ni fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini, na ardhi ya kwetu ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuseme fimbo yako ina ukinzani wa omu 100, jambo la kawaida kwenye mchanga wa kiangazi. Umeme ukivuja kwenye bodi ya friji, utashuka kwa fimbo hiyo ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 16 haitaanguka. Friji litaendelea kunguruma na bodi yake ina karibu volti zote 230, ethi ikiwepo! Ongeza chumvi ya bahari inayokula kibano cha fimbo mwaka hadi mwaka mpaka kinabaki kutu ya kijani. Kwa hiyo uliza ethi ilipimwa lini na kwa kifaa gani. Kupima kwa macho hakuhesabiki.

Maswali yanayobadilika na mahali

Sola zimeingia sana visiwani, na habari zake zina mkanganyiko wake. Ukisikia mtu amekufa kwa kupigwa shoti na betri ya sola ya volti 12, simama. Volti 12 haziwezi kusukuma umeme wa kuua kupita ngozi ya kawaida. Betri hiyo inaweza kukuunguza vibaya ukiangusha spana juu ya vichwa vyake viwili, na hiyo ndiyo shoti halisi, ya fundi. Lakini kama kulikuwa na inveta, basi kilichotoka upande wa pili ni volti 230 zilezile za TANESCO, na habari iliyotaja betri imetaja kitu kisichohusika. Paneli nyingi zilizounganishwa kwa mfululizo nazo zinaweza kufika volti mamia, na jua likiwaka huwezi kuzizima. Uliza basi: betri, inveta au paneli?

Habari za visima nazo zihoji kwa makini. Mtu kashuka kisimani kutengeneza pampu, akaanguka. Wa pili kamfuata, naye kaanguka, na wa tatu. Kijiji kinasema ni umeme wa pampu, wengine wanasema kisima kina mwenyewe. Jiulize kwanza pampu ilikuwa ya nini. Kama ni ya petroli na iliteremshwa ndani ya kisima au iliwashwa mdomoni pake, moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na hujaa shimoni kama maji kwenye ndoo. Visima virefu vilivyofunikwa muda mrefu hukosa hewa hata bila injini. Hapo kuzima umeme hakumwokoi mtu, na habari ikisema "shoti" itawafundisha watu wa kisima kingine kuzima swichi, kushuka, na kufa vilevile.

Fundi akifa kwenye laini ambayo ilishazimwa, watu husema TANESCO waliwasha bila kumwambia. Inawezekana. Lakini uliza pia kama kuna mwenye jenereta mtaani aliyeichomeka kwenye soketi ya nyumba yake bila swichi ya kubadilishia, ile inayotenganisha nyumba na nguzo. Umeme wa jenereta hiyo hurudi nyuma kupitia mita, unapanda kwenye nguzo, na transfoma inaupandisha mpaka volti maelfu. Mafia imeishi miaka mingi kwa umeme wa mashine za dizeli za Kilindoni, ukikatika kila mtu huwasha cha kwake. Mtu mmoja asiye na swichi hiyo anatosha.

Nyaya zilizoanguka nitazipitia haraka, kwa kuwa jambo lake ni moja: uliza ilikuwa laini gani. Zile ndogo za kuingia majumbani ni volti 230 na 400, zile kubwa za njiani ni 11,000 au 33,000. Kwa laini kubwa huhitaji kushika waya. Ardhi yenyewe inayouzunguka ina umeme, na hatua moja ndefu inatosha kuupitisha mguu hadi mguu. Ukiwa ndani ya gari lililoangukiwa, baki ndani. Ikiwa linawaka moto na lazima utoke, ruka miguu ikiwa pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha uondoke kwa kuburura miguu bila kuitenganisha.

Sasa suala la nani aulizwe. Kwa kawaida shirika la umeme hubeba dhamana ya mtandao mpaka kwenye mita, na kuanzia mita kuingia ndani ni dhamana ya mwenye nyumba. Kwa hiyo "uzembe wa TANESCO" na "uzembe wa marehemu" ni hukumu ambazo huwezi kuzitoa kabla ya kujua hitilafu ilikuwa upande gani wa mita ya LUKU. Mafundi wa kufunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Habari ikisema "fundi", uliza kama alikuwa na leseni hiyo. Ajali ikitokea kazini, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wana mamlaka ya kuchunguza. Habari inayoishia kwa "polisi wanaendelea na uchunguzi" haijakutajia wale wenye vipimo.

Ukiona picha ya maiti kwenye simu, na maneno kwamba ni "Mafia leo", usiisambaze. Picha hizo huzunguka kutoka nchi hadi nchi kwa miaka. Hata ikiwa ya kweli, ana mama yake, naye ana simu. Na usitumie picha hiyo kuamua kama ni umeme au si umeme. Mtu aliyelowa anaweza kufa kwa umeme bila alama hata moja ya kuungua. Wale wanaosema "hana jeraha, basi ni mkono wa mtu" wanahitaji kuambiwa hivyo kwa upole, maana nao wamefiwa.

Siku likitokea kijijini

Siku moja anayehojiwa anaweza kuwa wewe. Kwanza mtu, habari baadaye. Usimguse aliyenaswa. Zima meni swichi au chomoa, na kama huwezi kufikia, msukume atoke kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya ubao mkavu. Hilo ni kwa umeme wa nyumbani tu. Laini kubwa usiisogelee, piga TANESCO namba 180. Akishaachana na umeme na hapumui, mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kina cha sentimeta 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, upande wa pili wa kisiwa. Mikono ya watu wa Bweni ndiyo matibabu yake mpaka gari lipatikane, na mtu anayetetemeka moyo kwa umeme anaweza kurudi. Aliyerudi akasimama na kusema yuko sawa, mpelekeni vilevile.

Kisha, kabla fundi hajang'oa waya na kabla watu hawajafagia, piga picha ya mahali penyewe bila mtu: bodi ya breka, waya ulipochunika, kamba ilipofungwa, fimbo ya ethi na kibano chake. Andika saa. Andika kama kulikuwa kumenyesha, kama alikuwa peku, mkono gani ulishika nini, breka ilianguka au haikuanguka, jenereta ya nani ilikuwa inawaka. Mpe mwenyekiti wa kijiji nakala, na mwandishi akipiga simu kutoka Kilindoni au Dar, msomee kama ilivyo.